Ubao Aliolaza Majini

Pale ufukoni sote tulimwita Mlinzi, na watoto wakamwita Papa Mlinzi, yaani Baba Mlinzi. Sitamtafutia jina lingine hapa, kwa sababu hilo alilipenda, na kwa sababu baadaye lilimchoma.

Kazi yake ilikuwa kutunza pirogi za watu wakati wenyewe wako safarini. Miaka ile ya hamsini, mtu wa Yanonge au Isangi mwenye samaki wakavu wa kuuza alipiga kasia mpaka Kisangani, na kama alitaka kuendelea juu ya maporomoko ilimbidi apande treni ya Ubundu, maana mto hapo kati haupitiki. Pirogi ilibaki. Nayo pirogi ni gogo moja lililochimbwa: ukiiacha juani inapasuka kuanzia puani hadi tumboni, na ukiiacha inaelea bila mtu, mto unaichukua. Kwa hiyo watu walimwachia yeye, upande ule wa kushoto wa mto, karibu na kituo cha treni.

Hakusema kuweka pirogi. Alisema kulaza. Aliisukuma mpaka penye maji yaliyotulia nyuma ya miamba, akaijaza kwa kibuyu, kisha akatia mawe ndani, moja baada ya jingine, akiyashusha kwa mikono miwili kama mtu anayeweka mayai. Pirogi ilitikisika, ikasita, halafu ikashuka taratibu hadi chini. Huko ilikaa. Mti uliolala majini haupasuki, na mwizi hawezi kutamani kitu asichokiona. Mwenyewe aliporudi, Mlinzi aliingia majini kuiamsha: akatoa mawe, akaitikisa ubavu huu na ubavu huu, akakomba maji, kisha akaiacha kivulini chini ya majani mabichi ili ikauke polepole.

Mgeni aliyefika kwa mara ya kwanza na kukuta ufuko mtupu alishika kichwa.

"Papa, pirogi yangu iko wapi?"

"Iko nalala."

"Inalala wapi?"

"Pahali we hapana fika. Kaa, kunywa maji kwanza. Mutu hapana amushwa mbio-mbio."

Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa mti. Ukikalia ukingo wa pirogi alikufokea: "Shuka! Hiyo iko mudomo yake. Mi nikalie mudomo yako, utafurahi?" Ukiiburuta juu ya changarawe alikutukana kwa Kilingala, maana alisema Kiswahili hakina matusi ya kutosha, kisha akafanya ishara ya msalaba na kukuomba radhi, kisha akakutukana tena kwa sababu ulikuwa bado unaburuta. Wavuvi walimcheka, lakini hakuna aliyempelekea mtu mwingine pirogi yake.

Pirogi yake mwenyewe ilivuja. Hilo lilitushangaza sote. Ilikuwa na ufa karibu na kiti cha nyuma, aliouziba kwa udongo na kipande cha kitambaa, na kila alipovuka alikuwa na mguu mmoja juu ya kitambaa hicho. Tulipomuuliza kwa nini haitengenezi, alijibu, "Yangu inanijua." Naamini ukweli ni kwamba hakuwa na saa ya kuishughulikia. Siku nzima ilikwenda kwa vitu vya wengine.

Pirogi zilipopelekwa Ubundu kwa behewa, alizisindikiza. Alizilaza kifudifudi juu ya vigogo vya migomba ili chuma kisiziume, akafunika pua na mkia kwa magunia yaliyolowa, kwa sababu mti hufa kuanzia kwenye ncha. Alizifunga kwa kamba za msituni, kamwe si kwa waya. Kisha akapanda palepale kwenye behewa la wazi, na kila treni iliposimama aliteremka kwenda kutafuta maji ya kulowesha magunia. Mkaguzi wa tiketi mmoja alizoea kumwambia, "Mlinzi, una nafasi ndani, kaa kama mutu." Naye alijibu, "Njo hivi nakaa kama mutu. Mutu anakaa na wagonjwa yake."

Sasa niseme habari za miguu yangu, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Homa ilinipata nikiwa mtoto mdogo, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu. Nilitembea kwa fimbo mbili. Hata hivyo, Mungu alinipa kichwa cha kushika mafundisho, na nilipofika umri wa kijana wa kuoa, mapadri walinifanya katekista wa familia za wavuvi waliokaa kwenye kisiwa kidogo, chini ya maporomoko. Kati ya ufuko wetu na kisiwa kulikuwa na mkono mwembamba wa mto, maji ya utulivu. Mtu mwenye miguu mizima angevuka akiimba. Mimi nilikaa ufukoni na kusubiri mtu anayekwenda, na jioni nilisubiri mtu anayerudi. Watu walikuwa wema. Walinibeba, walinipakia, walinishusha. Siku nzima nilikuwa nikisema asante.

Katika misheni kulikuwa na Furere mmoja, yaani bruda, Mbelgiji aliyefundisha useremala. Alijitengenezea ubao wa kuchezea majini wakati wa mapumziko: mrefu kuliko mtu, bapa, wenye ncha mbele. Juu na chini aliuvisha mbao nyembamba sana zilizobandikwa kwa gundi juu ya mbavu ndogo, na ndani ulikuwa mtupu. Ulikuwa na kizibo cha kutolea maji yaliyoingia. Ulielea kama jani. Siku moja alinikuta nimekaa na fimbo zangu nikisubiri, akausukuma mpaka miguuni pangu.

"Jaribu," akasema.

Nililala kifudifudi, nikapiga maji kwa mikono. Mikono ya mtu wa fimbo ina nguvu. Nilivuka. Nilifika kisiwani kabla Furere hajamaliza kucheka, na wale wanawake waliokuwa wakianika samaki walisimama wakapiga vigelegele kana kwamba ni arusi. Tangu siku hiyo nilivuka nilipotaka. Sikumwomba mtu. Kama hujawahi kukaa ukingojea miguu ya mtu mwingine, sijui nikuelezeje furaha hiyo. Nilimshukuru Mungu juu ya ubao ule kwa namna ambayo sijapata kumshukuru nikiwa nimepiga magoti.

Mlinzi alisimama ufukoni akinitazama kila nilipovuka, na niliporudi aliushika ubao kwa ncha ili niteremke. Alikuwa akiupapasa kwa kiganja. "Huyu mutoto iko mwepesi," alisema. "Nani alimuzaa?"

Kisha Furere akapewa likizo ya kwenda kwao, na mimi nikatumwa Ubundu kusaidia mafundisho ya ubatizo kwa majira mazima ya kiangazi. Furere alitaka niukute ubao karibu na maji nitakaporudi, basi badala ya kuufungia kwenye karakana aliuleta kwa Mlinzi. Mimi nilikuwapo. Furere akasema kwa Kiswahili chake cha misheni:

"Papa, uchunge hii sawa pirogi yako mwenyewe."

"Kuliko yangu, Furere. Yangu inavuja."

Tulicheka sote watatu. Furere alikuwa mtu wa karakana. Kwake lilikuwa jambo la wazi kwamba kitu cha gundi hukaa pakavu, kivulini, juu ya kitu laini, kizibo wazi ili joto lipumue. Ndivyo alivyokuwa akiutunza huko misheni, ambako wanafunzi wake waliubeba kila jioni, na Mlinzi hakuwahi kufika huko. Mlinzi aliujua ukiwa majini tu.

Basi aliulaza.

Baadaye walioshuhudia waliniambia kwamba hakuwahi kulaza kitu kwa uangalifu kama ule. Alichagua mahali pake pazuri kuliko pote, penye kivuli cha mwamba mchana kutwa. Alichagua mawe ya mviringo yasiyo na ncha. Alitoa kizibo ili uweze kunywa, akaushika kama mama anavyomshika mtoto kichwa wakati wa kumnywesha dawa, mpaka ukashuka. Na kila asubuhi, majira yale yote, alikwenda kuutazama chini ya maji.

Niliporudi kwa treni alikuwa akinisubiri kituoni. Alichukua mzigo wangu. "Ubao yako iko nalala muzuri," akaniambia njiani. "Mi sikuiamusha. Nilisema, mwenyewe lazima aone."

Nilisimama juu ya mwamba. Aliingia hadi kifuani akaanza kutoa mawe. Kilichopanda kwanza hakikuwa ubao. Ilikuwa ngozi yake, ukanda mpana wa mbao nyembamba uliopinda kama gamba. Kisha ukanda mwingine. Kisha mbavu, zikielea moja hapa, moja pale. Mlinzi aliukamata ule ukanda wa kwanza akaukandamiza juu ya mbavu kwa kiganja, kama mtu anayefunga jeraha. Akauachia, ukafunguka. Akaukandamiza tena.

"Iko nakataa," akasema.

Halafu akaelewa, akanigeukia. Sura yake nilimwomba Mungu aifute machoni mwangu, na hakuifuta. Nikasema neno lililokuwa karibu zaidi mdomoni.

"Papa, haina neno."

Furere aliporudi kutoka Ulaya alicheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alimpiga Mlinzi begani. "Bon, haina neno! Kosa iko yangu, sikukueleza. Nitafanya ingine." Kabla hajafanya, wakuu wake wakamhamishia misheni ya mbali, na hatukumwona tena.

Mke wa Mlinzi alimwambia haina neno. Wavuvi nao walimwambia hivyo, baada ya kumaliza kucheka, na kucheka kwao kulichukua muda mrefu. "Mlinzi, bicyclette yangu imechoka, uilaze!" "Papa, laza na huyu bibi yangu, pengine atanyamaza!" Hapo zamani angewajibu kwa matusi mazuri. Sasa alikuwa akiinama na kuendelea na mawe yake. Hilo lilinitisha kuliko chozi.

Alikwenda kuungama. Nalijua hili kwa sababu alilisimulia mwenyewe mlangoni pa kanisa, kwa sauti, mbele ya kila aliyetaka kusikia. Padri alimweleza kwamba anayeharibu bila kujua, tena akitaka kutenda mema, hana dhambi.

"Nikamwambia, Padri, niondolee hivyohivyo. Akasema, siwezi kuondoa kitu haiko. Nikamwambia, bon, kama haiko, nani alinipa hii uzito?"

Watu walicheka tena. Padri alisema kweli, na mafundisho niliyopokea yanasema vivyo hivyo. Lakini Mlinzi aliacha kwenda kupokea Komunyo. Hakuacha Misa. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na saa ya Komunyo ilipofika alibaki amepiga magoti akitazama sakafu. Padri alimkemea, akamwambia ni kiburi kujihukumu kuliko Kanisa linavyokuhukumu. Alisikiliza kwa adabu. Jumapili iliyofuata alibaki palepale.

Alijaribu kulipa kwa mikono yake. Alikwenda Ubundu kwa fundi wa pirogi, ndugu wa mkewe, wakachonga pamoja ubao mwingine kutoka mti wa parasolie, ambao ni mwepesi. Aliuleta kwa treni namna alivyozoea kusafirisha pirogi, ila huu aliuogopea jua zaidi, akauvingirisha wote kwa kitenge cha mkewe kilicholowa na kuulaza katikati ya behewa. Yeye akakaa kando, kofia magotini. Treni ilipofika kituoni kwetu, wanaume walivua kofia. Mama mmoja muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, aliweka beseni chini akaanza kulia, na wenzake wakamfuata.

"Pole, tonton. Nani alikufa?"

"Haiko mutu. Iko ubao."

"Ubao ya nini?"

"Ya kosa yangu."

Yule mama alikata kilio palepale, akajifuta. "Machozi yangu bure! Zika yote mbili pamoja, tonton, utupumuzishe!"

Kituo kizima kilipasuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa pale na fimbo zangu, nimekuja kumpokea, na niliona jinsi alivyoubeba ubao ule begani na kupita katikati ya kicheko hicho bila kugeuza shingo.

Parasolie ni mwepesi ukiwa mkavu. Ukilowa, unakunywa. Ubao ule uliinama upande mmoja, na nilipoupanda ulinimwaga. Mlinzi aliingia majini akaushika. Kuanzia hapo, nilipotaka kwenda kisiwani, yeye alikuwa ubavuni, maji kifuani, halafu akiogelea kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ubao usipinduke. Ulipokwisha kuoza, alinivusha kwa ile pirogi yake inayovuja. Mvua, jua, hakukosa. Alikuwa na pirogi za watu zinazomsubiri ufukoni, na wenyewe wakipiga kelele, naye aliwajibu, "Ngoja. Niko na deni kwa katekista."

Na Jumapili alinibeba. Kutoka ufukoni hadi kanisani kuna mlima mfupi wenye utelezi, na yeye aliinama mbele yangu, akanipakia mgongoni, akapanda. Mlangoni alinishusha, akanipa fimbo zangu, akabaki nyuma. Nilikwenda mbele kupokea mwili wa Bwana kwa nguvu za mgongo wake, na yeye alikuwa kule mlangoni amepiga magoti. Miaka mingi nimejiuliza ni wangapi kati yetu wamekwenda mezani namna hiyo. Kila nilipoanza kumwambia apumzike, nilimwambia lile lile: haina neno, papa, haina neno. Nilidhani ninamtua mzigo. Alikuwa akiinamisha kichwa na kuniinamia tena mgongo.

Mwishoni mwa miaka ile kifua kilimshinda. Aliacha ufuko, na binti yake akamchukua kwake Simi-Simi, karibu na uwanja wa ndege. Nilikwenda kumwona alasiri moja, nikiwa nimepakiwa kwenye lori la misheni. Binti yake alinilaki uani, mikono yake imejaa majani ya muhogo aliyokuwa akiyatwanga ili apike pondu.

"Katekista, sema naye. Padri anakuya Jumapili na Komunyo ya wagonjwa. Papa anasema atageukia ukuta. Dokta anasema hakuna Jumapili nyingi."

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha fito, amekonda, miguu imefunikwa. Aliziona fimbo zangu kabla ya kuniona mimi.

"Kumbe iko we. Nani alikubeba?"

"Lori, papa."

"Lori haijue kubeba." Akavuta pumzi. "Kaa. Nikuulize kitu. Ule ubao ya Furere. We ulikuwa unaenda peke yako?"

"Ndiyo, papa."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma yake nilikwenda na wewe."

"Uliona je?"

Nikafungua mdomo, na naamini alijua ni neno gani linakuja, maana aliinua mkono kutoka kitandani.

"Hapana. Ile neno nilipewa na wote. Furere alinipa. Padri alinipa. Bibi yangu alinipa mpaka akakufa. Kila mutu, haina neno, haina neno. Alors neno yangu nabaki nayo peke yangu. Kama we haukupoteza kitu, mi nililia nini miaka hii yote? Mi niko wazimu?"

Nje, binti yake aliendelea kutwanga. Nilitazama mikono ya mzee yule juu ya shuka, mikono iliyoshusha mawe bila kuyatupa, nikaona kwamba tulikuwa tumemtendea jambo baya kwa maneno mazuri. Mtu alikuja na kosa lake mkononi, na sisi, mmoja baada ya mwingine, tulikataa kulipokea. Nilikuwa nimefundisha watu wengi kusali kuomba msamaha, na huyu aliyeomba kwa mwili wake wote sikumpa. Ili kumpa, ilinipasa kwanza nikiri kwamba nimepoteza kitu.

"Papa," nikasema, "uliniumiza. Ule ubao ulikuwa miguu yangu. Uliponivunjikia nilikuwa na hasira, na nikaificha. Ulipokuwa unanivusha nilikuwa natamani unitoke. Ulipokuwa unanibeba kwenda kanisani nilikuwa natamani kushuka. Sijapata tena kwenda mahali peke yangu."

Hakufumba macho. Alikuwa akiyapokea maneno yale moja moja, na kifua chake kikipanda na kushuka.

"Endelea," akasema.

"Nimekusamehe, papa. Kwa moyo wangu wote, mbele ya Mungu. Nimekusamehe kosa lako."

Ndege iliondoka uwanjani wakati huohuo, ikapita juu ya bati na kelele zake zote. Tulisubiri ipite. Kisha Mlinzi aligeuza kichwa juu ya mto wake wa nguo, polepole, akanipa upande wa pili wa uso.

"Sema tena. Kwa hii sikio. Ile ingine ilikufa."

Nilisogea, nikashika ukingo wa kitanda, nikalisema tena kwa sauti kubwa kama ninayesoma kanisani. Kinu kikanyamaza. Binti yake akaja akasimama mlangoni, mchi mkononi.

"Umesikia?" mzee akamuuliza.

"Nimesikia, papa."

"Bon. Padri akuye."

"Akuye leo? Nitume mutu?"

"Jumapili, sawa vile alisema." Akajaribu kuinuka kwa kiwiko, na nikampa bega langu. "Leo letea katekista pondu. Na mi pia. Niko na njaa."